Sikio la Msagaji

Kimara mashine ya kusaga haihitaji kibao. Shuka Stop Over, Temboni au Suka, ingia ndani kwa miguu au kwa bodaboda, utaisikia kabla hujaiona. Ukifika karibu utaijua kwa paa: mabati ya jirani yote yameshika kutu na vumbi jekundu, hilo moja limepauka kwa unga. Mlangoni pana benchi, mizani, na ndoo za wateja zimejipanga foleni zenyewe huku wenyewe wamekwenda zao sokoni. Foleni hiyo ina heshima yake. Nimeshuhudia watu wa Dar es Salaam wakisukumana kwenye foleni ya maji, ya mwendokasi, hata ya msibani kwenye pilau; foleni ya ndoo za mahindi sijaona mtu akiivunja.

Aliyemo humo ndani ndiye ninayemwandikia. Wengi humchukulia kuwa ni mtu wa kumwaga na kukinga: anamwaga mahindi juu, anakinga unga chini, anapokea hela yake, basi. Kelele zinamficha. Fundi seremala unaweza kumsimamia ukaona randa inavyopita na ubao unavyonyooka, lakini kazi ya msagaji inafanyika ndani ya chuma kilichofungwa, na nje kinatoka kelele na vumbi. Ili uijue, sharti ukae. Mzee anayesaga mtaani kwetu, kule ndani kuelekea bondeni, amenivumilia nikae juu ya magunia yake ya pumba kwa masharti ya kwamba nisimsemeshe mashine ikiwa kazini. Si kwamba hatanisikia mimi. Hataisikia mashine.

Mashine yenyewe ni ya nyundo. Ndani ya ngoma ya chuma kuna mhimili, na kwenye mhimili vimening'inizwa vipande bapa vya chuma vinavyocheza kwenye pini zake. Hivyo ndivyo nyundo. Mota ikizungusha mhimili, mizunguko inakaribia 3,000 kwa dakika, na nyundo hunyooka kwa nguvu ya mzunguko zikaanza kuyapiga mahindi yanayoshuka kutoka kwenye bakuli la bati lililo juu. Ngoma imezungukwa na chekeche, bati lenye matundu ya milimita moja hivi. Punje haitoki mpaka ipigwe ikawa ndogo kuliko tundu. Ikitoka, pangaboi huuvuta unga na kuurusha kwenye pipa la bati lililochongoka chini. Humo unga unazunguka ukashuka kwenye gunia, na hewa inatokea juu kupitia mifuko mirefu ya kitambaa inayojaa na kusinyaa. Hakuna jiwe popote. Kinachosaga ni kipigo, wala si msuguano, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi hii iwe ya masikio.

Kwa sababu mashine tupu hupiga mluzi. Msagaji akivuta kilango cha bakuli kidogo, mahindi yakaanza kushuka, mluzi unateremka na kuwa mvumo. Akikivuta zaidi mvumo unageuka mguno, mota inalemewa, mikanda inateleza, na harufu ya mpira inakuja kabla ya moshi. Kati ya mluzi na mguno ipo sauti moja nene, iliyotulia, ambayo mzee anaitafuta na akiipata haiachii. Mkono wa kushoto uko kwenye kilango muda wote, unakisogeza kwa upana wa ukucha, unarudisha, unasogeza tena, maana mahindi hayashuki sawasawa: juu ya gunia yamekaa makavu, katikati yana unyevu, chini kuna vumbi na vipande. Mkono wa kulia uko chini, kwenye mdomo wa gunia, vidole vinasugua unga unaotoka. Sikio linamwambia ya shimo la juu, kidole kinamwambia ya shimo la chini, na macho, kwa kweli, yanaangalia barabarani nani anapita.

Nimewahi kumwona akisaga hivyo debe zima bila kuitazama mashine hata mara moja. Ghafla mkono wa kushoto ukafunga kilango na wa kulia ukawa umeshakata swichi, nami sikuwa nimesikia chochote cha ajabu. Ngoma ilipotulia alifungua kifuniko, akapapasa, akatoa msumari wa inchi mbili. Pale juu kwenye bakuli ana sumaku, lakini sumaku hushika kile kinachopita karibu yake, na msumari huu ulikuja umejificha katikati ya mkupuo. Angechelewa kidogo ungetoboa chekeche, na chekeche likitoboka punje nzima hupita na unga wote wa siku ile unakuwa chenga. Alimwita mwenye mahindi, mama mmoja aliyekuwa akinunua nyanya ng'ambo, akamkabidhi msumari wake bila kusema neno. Mama akaupokea, akautia kwenye kibindo cha khanga. Sijui wa nini.

Kila nafaka ina sauti yake, na ina zamu yake. Mahindi makavu ya Kibaigwa yanalia kama changarawe, yanataka kilango chembamba. Ulezi unapita kama maji ukiuachia, nao ni mdogo mno hata baadhi yake huponyoka bila kupigwa, kwa hiyo huwekewa chekeche la matundu madogo zaidi. Muhogo mkavu ni mwepesi na una vumbi kali. Anayeusaga hufunga kitambaa puani. Unga wa lishe ndio unaomtesa, kwa sababu wazazi wa siku hizi huweka humo karanga na soya kwa mkono wa ukarimu, na mafuta ya karanga yakipashwa moto na nyundo huziba matundu ya chekeche yote. Karanga zikizidi anazitoa mbele yako, anazifunga kwenye mfuko, anakwambia ukazitwange nyumbani uchanganye baadaye. Baada ya lishe hupitisha kopo la pumba ili kusafisha ngoma, ndipo anampokea mwenye dona. Si kila msagaji hufanya hivyo. Mwenye haraka atakuunganishia, nawe utapika ugali wenye rangi ya ulezi wa mtu usiyemjua.

Kabla ya vyuma hivi kulikuwa na mawe na kinu. Kazi ya kupata unga wa chakula cha jioni ilikula mchana wa mwanamke: kutwanga, kupepeta, kutwanga tena, kisha kukaa chini na jiwe la kusagia au kuzungusha kijaa. Sipendi namna ambavyo siku hizi tunausimulia utwangaji kwa nyimbo zake tu. Wanawake waliotwanga, mashine ilipofika, hawakukirudia kinu ila kwa mpunga kidogo na kisamvu. Walibeba debe kichwani saa nzima kwenda ilipo mashine na kurudi, wakaona wamepumzika.

Mashine za kwanza za vijijini Afrika Mashariki zilifuata maji. Kule magharibi ya Kenya, ambako mito inashuka mwaka mzima, wamisheni wa Kikweka waliofika Kaimosi mwaka 1902 walikwenda na ufundi wa viwanda pamoja na Biblia, na kufikia miaka ya 1930 Waafrika wenyewe walikuwa wanachimba mifereji na kusimamisha magurudumu ya maji ya kusagia mahindi, Vihiga hadi Kisii. Vile ndivyo vinu vya shamba hasa, vyenye mfereji, gurudumu, mawe, na nyumba ya msagaji pembeni. Wazungu wa mashamba makubwa walikuwa na chao: kampuni ya Unga ilianzishwa Njoro mwaka 1908, Lord Delamere akiwa miongoni mwa waanzilishi. Pwani yetu haikuwa na bahati ya maporomoko. Vijito vya Kimara vinajaa masika, vinabomoa vyoo vya watu, kisha vinakauka. Huku mashine ilibidi ingoje mafuta.

Yakaja na injini. Wanaokumbuka vijiji vya miaka ya 1960 na 1970 wanaikumbuka Lister, ile iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, yenye magurudumu mawili mazito ya chuma na mwendo wa pole, mizunguko 600 na kidogo kwa dakika. Mlio wa bomba lake ulivuka mabonde. Kijiji cha tatu walijua kwamba leo mashine imefunguliwa, wakaanza kupukuchua. Injini ya aina hiyo ilisamehe mengi: mafuta machafu, fundi asiyesoma, maji ya kupozea kutoka kwenye pipa. Ndiyo maana ilidumu kuliko wamiliki wake wengi, ambao mara nyingi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wa miji midogo ya reli.

Familia moja ya namna hiyo ilitoka Bukene, Tabora, ikakua hadi kuwa na viwanda vya kusaga Dar es Salaam kwa jina la Chande Industries. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha makampuni manane ya kusaga nafaka, hilo likiwa mojawapo. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na aliyekuja kuliongoza ni Jayantilal Keshavji Chande, yuleyule aliyenyang'anywa. Historia yetu ya uchumi ina matukio machache ya ustaarabu wa namna hiyo, na sijui kama yalipata kusifiwa inavyostahili. Lakini hayo ni mambo ya wakubwa. Kwa mpishi wa Magomeni au Temeke, maana yake ilikuwa kwamba unga sasa unatoka dukani, umeshakobolewa, mweupe, una bei ya serikali, na nani aliyeusaga hutamjua. Katikati ya miaka ya 1970, ukame ulipoikaba nchi, ulikuja na ule wa mahindi ya njano kutoka nje, watu wakaubatiza yanga, wakaula huku wakiulaani.

Kilichomrudisha msagaji mtaani ni mwaka 1984. Serikali iliondoa ruzuku ya sembe, bei ikaruka, na wakati huohuo watu wakaruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila kibali. Mambo hayo mawili yalitosha. Sembe ya dukani ikawa ghali, gunia la mahindi kutoka kwa shemeji wa Morogoro likawa halali, na katikati yake akahitajika mtu mwenye mota. Familia za mjini, ambazo kwa miaka zilikuwa zimezoea weupe wa NMC, zikaanza kula dona kwa sababu dona haina hasara: kilo unazopeleka ndizo, karibu zote, unazorudi nazo. Mwaka 1992 mchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, M.S.D. Bagachwa, alichapisha utafiti wake ukilinganisha teknolojia ya viwanda vikubwa na vidogo vya kusaga nafaka nchini, na hoja yake ilikuwa upande wa mashine ndogo ya nyundo katika nchi yenye mtaji mchache na mikono mingi. Chuo kile kiko mwendo mfupi tu kutoka Kimara. Wasagaji wa hapa hawakuusoma utafiti huo, wala hawakuhitaji.

Kimara ya siku zile ilikuwa mashamba: mikorosho, miembe, mihogo, nyumba moja moja. Ilikuwa Kinondoni kiserikali mpaka Ubungo ilipofanywa wilaya. Watu walivyozidi kununua viwanja kando ya Barabara ya Morogoro, mashine zilifuata nguzo za umeme, na kwa mota ya farasi 20 haitoshi nguzo yoyote. Lazima umeme wa njia tatu, ambao kuuvuta mpaka kwenye kibanda chako ni gharama kuliko kibanda. Ndiyo maana utaona mashine mbili zimekaa karibu karibu halafu kilomita nzima haina kitu. Zimekaa pale waya ulipo.

Mashine ya mzee wetu ilikuwa kando ya barabara kuu kwa miaka. Mwaka 2017, hifadhi ya barabara iliposafishwa kutoka Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi, mita zaidi ya 120 kutoka katikati ya lami kila upande, kibanda kilikuwa ndani ya alama. Mota na ngoma vilipakiwa kwenye guta. Msingi haupakiki. Mashine ya nyundo hukaa juu ya zege nene iliyozikiwa bolti, na katikati ya zege na chuma huwekwa mbao za kumeza mtetemo. Zege ile ikikaa miaka inazoeana na mashine yake. Anasema miezi ya mwanzo huku ndani mashine ilikuwa inatembea. Alivunja msingi mara ya pili na kuumwaga upya kwa kina zaidi kwa sababu udongo wa bondeni una mchanga. Wateja wa kupita, wale wa kwenye daladala, hawakumfuata. Wenye ndoo walimfuata wote.

Nyumba yake ni chumba kimoja kilichoshikamana na mashine, mlango mmoja kati. Mke na watoto wakubwa wako Kibamba kwenye nyumba ya kweli, naye huenda Jumapili. Nilimuuliza kwa nini analala pale, akanijibu kwa vidole: shaba ya mota, kimoja, umeme, cha pili. Mota ina nyaya za shaba na kuna watu wanaojua bei yake. Na umeme hauji kwa saa za ofisi. Wakati wa mgawo mkali wa 2006 na ule wa 2011 alikuwa anaishi kwa kusikiliza friji ya jirani. Ikinguruma tu, hata iwe saa nane za usiku, anafungua mlango wa kati, anawasha, na sauti yenyewe inawaamsha wateja. Walikuja na ndoo na tochi, wengine na watoto migongoni. Chumbani ana kitanda, redio, picha ya harusi, na rafu ya nyundo zilizochakaa ambazo hazitupi. Unga umeingia kila mahali, hata kwenye fremu ya picha, kati ya kioo na bwana harusi.

Sasa niseme kuhusu uaminifu, kwa kuwa hakuna fundi anayetuhumiwa kama huyu. Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, alimweka msagaji katika Canterbury Tales akiwa mwizi wa nafaka mwenye kidole gumba cha dhahabu, na kidole hicho kilitajwa kwa kuwa wasagaji wa huko nao walipima unga kwa kuusugua kati ya gumba na kidole. Miaka 600 na zaidi imepita na mama wa Kimara bado anaangalia gunia lake akisema, "Mbona limepungua?" Limepungua kweli. Sehemu imetoka kama mvuke, maana mahindi yakipigwa hupata moto na unyevu unaondoka. Sehemu ni vumbi lililopanda darini. Kiasi kimebaki ndani ya ngoma na pipa. Msagaji mwizi hujificha nyuma ya hizo sababu za kweli, na huwezi kumkamata kwa mizani. Utamkamata kwa pipa. Mzee, mteja akimaliza, hupiga pipa la bati kwa kiganja kuanzia juu kuja chini, makofi saba au manane, unga uliogandia ukaanguka kwenye gunia la mwenyewe, kisha ndipo anakunja mdomo wa gunia. Asiyepiga pipa anajilipa mara mbili.

Ujuzi wake wa pili ni wa kukataa. Asubuhi moja alikuja binti wa miaka kumi na tano hivi na nusu debe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Ya wapi haya?"

"Kaleta mjomba, kutoka shamba."

Akazamisha mkono ndani ya ndoo mpaka kwenye kiwiko, akautuliza humo, akatoa konzi ya chini, akaitikisa karibu na sikio. Mahindi makavu hulia kama kokoto; yenye maji hayalii. Akaweka punje jinoni, akauma. Haikupasuka, ilibonyea.

"Hayajakauka haya. Nikikusagia leo unga utaota ukungu kabla ya Ijumaa. Kaanike juani siku tatu."

"Babu, nyumbani hakuna unga."

Akafikiri. Akapima kilo mbili, akazipitisha polepole, kilango kikiwa wazi kama uzi, akamrudishia zilizobaki. "Hizi za leo na kesho. Hizo nyingine uje nazo zikilia." Hakuchukua hela ya kilo mbili.

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na kuna vipima unyevu vya kielektroniki madukani. Jino la mzee halina namba, lakini linazuia jambo lilelile. Ukungu unaozaa sumukuvu hupenda nafaka yenye maji, na sumu yake haionekani, haina harufu, haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Hapo ndipo sifa za dona, ambazo madaktari wetu wanazihubiri, zinapohitaji angalizo: sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na dona huvibeba vyote. Kukoboa hupunguza, na hupunguza pia vitamini. Mwenye mahindi mazuri ale dona. Mwenye mahindi ya mashaka asiyale kwa namna yoyote, na msagaji anayeyakataa hafai kulaumiwa kwa kujifanya bwana afya.

Sembe yenyewe ina ufundi wake, na mzee ana kinu cha kukoboa pembeni, ingawa anakitumia kwa shingo upande. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, yanaachwa dakika kadhaa ganda lilainike, ndipo yanapitishwa. Maji yakizidi yanavunjika, yakipungua ganda halitoki. Katika kila kilo 100 unaweza kupoteza 20 hadi 30 kama pumba, na pumba ya Kimara ina soko: wafugaji wa kuku na nguruwe wa Mbezi wanaingoja kwa miadi. Viwanda vikubwa vya sembe viko Manzese na Tandale, vinafanya kazi hiyo usiku na mchana, na baadhi ya mashine nchini zimefungiwa na shirika la Sanku kifaa kinachopima virutubishi na kuvidondosha kwenye unga kadiri unavyosagwa. Ni kazi njema. Haimgusi mzee, kwa sababu yeye hauzi unga. Anasaga wa watu.

Kila baada ya muda nyundo zinachoka. Hilo nalo analisikia: mvumo unakuwa mlegevu, unga unatoka wa moto na mzito kwa kilango kilekile. Basi hufunga siku nzima, na siku hiyo ndiyo ninayoipenda. Kila nyundo ina tundu pande zote mbili, kwa hiyo ina pembe nne za kazi. Pembe moja ikilika anaigeuza, kisha anaipindua, na baada ya nne inakwenda kwenye rafu ya chumbani. Huwezi kubadili moja tu. Nyundo zinazotazamana kwenye mhimili lazima zilingane uzito, la sivyo mhimili unayumba, na kuyumba kwa gramu chache kwenye mizunguko 3,000 kunaua beringi kwa wiki. Ana mizani ndogo ya duka la viungo. Anazipanga sakafuni juu ya gunia, jozi kwa jozi, anaipima moja, anaipima ya pili, anaichukua iliyozidi na kuisugua kwenye jiwe la kinoo, anapima tena. Kazi hiyo inakwenda mpaka adhuhuri. Fundi kijana wa gereji aliyekuwa akipita alimwambia angemaliza kwa saa moja kwa kusawazisha kwa macho. Mzee akamkaribisha chai.

Akishazirudisha huzungusha mhimili kwa mkono, mara kadhaa, anaangalia unasimamia wapi. Ukisimama mahali palepale kila mara, upande wa chini ni mzito, nyundo zinatoka tena. Ukisimama popote, sawa. Ndipo anawasha, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye nyumba ya beringi na mpini anauweka sikioni, macho amefumba. Beringi nzima huimba sauti moja kupitia chuma kile. Iliyoanza kuliwa ina mchakacho. Alinipa bisibisi nisikilize. Nilisikia kelele. Akanipa na ya upande wa pili, akanirudishia ya kwanza, akarudia hivyo mpaka nikaanza kuhisi kwamba moja ni laini kuliko nyingine, akatikisa kichwa kuafiki, akasema ile nyingine itafika Ramadhani.

Hayo yote hayafundishwi mahali. Vyuo vya VETA vinafundisha umeme wa mota na uchomeleaji, na mzee anawaheshimu wahitimu wake. Anapokuwa na tatizo la swichi huwaita. Lakini sauti ya mahindi ya Songea dhidi ya Kibaigwa hakuna mtaala wake. Anaye kijana wa kumsaidia, wa mwaka wa pili sasa. Mwaka wa kwanza alifagia, alipima, alishona magunia na kupiga pipa. Mwaka huu ameruhusiwa kushika kilango, kwa pumba tu zinazosagwa kuwa chakula cha kuku, kwa kuwa kuku hawalalamiki. Juzi nilimkuta anasaga mahindi ya bei ya kawaida, gunia la mama ntilie, mzee amekaa nje kwenye benchi na gazeti. Kijana alivuta kilango, mvumo ukashuka, akazidisha. Mzee, bila kuinua macho kwenye gazeti, akagonga ukuta wa bati mara moja kwa ngumi. Kijana akarudisha kilango nusu ukucha. Mama ntilie, aliyekuwa anahesabu chenji yake, hakujua kwamba kuna lolote limetokea, akabeba unga wake akaenda kuwahi ugali wa mafundi wa saa saba.